Karama na msimu wa korosho

Ukitaka kujua kama utumishi wa kanisa una mizizi huku Kusini mwa Tanzania, mikoa ya Lindi na Mtwara, usiupime mwezi wa Machi. Upime Novemba. Wakati huo Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa watu wamehamia mashambani, na wengine wanalala hukohuko vibandani kulinda korosho zao. Kwaya iliyokuwa na sauti nne inabaki na waimbaji wanne. Watoto wa shule ya Jumapili wanafika, mwalimu hayupo. Malipo ya mnada wa korosho yakishaingia kanisa linafurika, na mjadala mkubwa unakuwa rangi ya sare. Wachungaji wengi wanasema waumini wamepoa. Naona wanawaonea: ratiba yenyewe ilipangwa kana kwamba mkorosho hauzai.

Mfano wa talanta, Mathayo 25, husomwa sana kwenye semina za watumishi, ila watu hupita haraka kwenye hesabu yake. Talanta ilikuwa fedha, kiasi cha dinari 6,000 hivi, na dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku, kama inavyoonekana Mathayo 20. Kwa hiyo yule aliyepewa talanta moja tu alikabidhiwa mshahara wa karibu miaka 20. Hakuiba na hakula. Aliirudisha nzima, ina udongo tu. Kosa lake lilikuwa hofu. Anayesema "mimi karama yangu ni ndogo" akae na hesabu hiyo kwanza.

Kuijua karama hakuhitaji ndoto. Shika kazi moja, ile ile, kwa miezi mitatu. Siyo "kusaidia kanisani", maana hiyo haina mwanzo wala mwisho. Iwe kazi yenye siku na saa: kufungua kanisa Jumapili saa moja asubuhi, kuwatembelea wajane wawili kila Alhamisi, kuwafundisha watoto wa miaka sita hadi tisa. Baada ya miezi mitatu waulize watu watatu: kiongozi wako, mmoja wa wale uliowahudumia, na mwenzi wako au yeyote unayeishi naye nyumba moja. Huyo wa tatu usimruke, kwa sababu gharama ya huduma inalipwa nyumbani. Kama karama unaiona wewe peke yako, badilisha kazi bila kuona haya.

Wala usitafute madhabahuni tu. Katika Kutoka 31, Bezaleli anajazwa Roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono: dhahabu, mawe, mbao. Dorkasi wa Yafa, Matendo 9, wajane walimlilia huku wakionyesha nguo alizowashonea. Katika mikoa inayochonga mpingo, inashangaza kuona mabenchi ya kanisa yamelegea miguu mwaka mzima huku mafundi watatu wameketi juu yake wakisubiri kuitwa kwenye "huduma". Fundi baiskeli, mama anayejua kupika chakula cha watu 200 kisipungue, kijana anayeandika mwandiko unaosomeka: wote hao wamekabidhiwa kitu.

Sasa kalenda. Chukua karatasi uandike miezi 12, kisha weka kwanza kazi za shamba, ndipo kazi za kanisa. Januari hadi Aprili ni mvua na palizi. Mikutano ya katikati ya juma haitakuwa na watu, basi mafunzo ya watumishi yafanyike baada ya ibada ya Jumapili, dakika 45, yasizidi. Mei na Juni, hasa upande wa Lindi, watu wako kwenye ufuta. Juni hadi Agosti ni wakati wa kupulizia mikorosho salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, nayo hupulizwa alfajiri kungali na umande na upepo umetulia. Aliyeshinda kwenye vumbi la salfa ana koo na macho yanayowasha. Ukimwita jioni hiyo hiyo aje kushika sauti ya kwanza, unamharibia sauti na unaharibu wimbo. Mazoezi ya miezi hiyo yawekwe siku ambazo watu hawapulizi, na nyimbo za Krismasi ziwe zimeshikwa kabla Septemba haijaisha. Anayeanza kuzifundisha Desemba anajitafutia lawama.

Miezi hiyo ya kiangazi ndiyo pia ya jando na unyago katika sehemu nyingi, na madarasa ya watoto hupungua. Kulalamika hakusaidii. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi tangu 1926, anakumbukwa kwa kulileta jando ndani ya maisha ya kanisa badala ya kulipiga marufuku. Unaweza usikubaliane na kila alichofanya, lakini funzo kwa mwalimu wa watoto liko wazi: kaa na wazazi na wazee mapema, ujue watoto watatoka lini na watarudi lini, upange somo la mahafali yao.

Oktoba hadi Desemba, huduma ihamie walipo watu. Familia zenye mashamba jirani zikusanyike chini ya mkorosho mmoja, dakika 30, jioni kabla giza halijaingia: wimbo, somo fupi, maombi, basi. Kiongozi awe mmoja wao, asiwe mgeni anayetembea kilomita nane na kuchoka juma la pili. Na kwa kuwa msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho, ni msimu wa uraka vilevile, pombe ya mabibo hayo, muda uwekwe kabla ya vikombe kuanza kuzunguka. Anayejua, anajua.

Linalovunja watumishi wengi zaidi ni fedha, na hapo nitakaa kidogo. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zetu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Unapeleka chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, zinasubiri mnada, kisha malipo yanaingia benki baada ya makato. Bei huijui mpaka mnada, na siku ya malipo huijui kabisa. Mwaka 2018 bei za wanunuzi zilikataliwa, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walisubiri fedha zao muda mrefu. Kila aliyekuwa ameahidi kanisani "laki tatu ifikapo tarehe 30" alijikuta muongo bila kosa lake.

Kwa hiyo ahidi kilo, usiahidi shilingi. "Kilo 40 za korosho zangu za daraja la kwanza, kwa bei ya mnada nitakaouzia, ndani ya siku saba baada ya fedha kuingia." Ahadi ya namna hiyo inapanda na kushuka na mavuno, na mhazini anaweza kuikagua kwa kutazama stakabadhi. Kanisa likipokea korosho zenyewe, zianikwe jua la siku mbili tatu hadi zilie ukizitikisa, zitiwe kwenye magunia ya katani (ya plastiki yanazikosesha hewa na zinaota ukungu), na ziuzwe kupitia chama cha msingi kwa jina la kanisa, kamwe si kwa jina la mzee mmoja.

Na kangomba. Mwenye fedha anamfuata jirani mwenye mgonjwa au ada ya shule, anachukua korosho zake kabla ya mnada kwa bei ya kutupa, au anamkopesha ili alipwe kwa magunia. Sheria inakataza, ila tuiache sheria kwanza. Amosi 8 inawataja watu waliokuwa wakingoja Sabato iishe ili wafungue soko, wapunguze kipimo na kuwanunua maskini kwa fedha. Huwezi kufanya hivyo Jumamosi na kugawa vikombe vya Meza ya Bwana Jumapili. Kama una akiba na jirani ana shida, mkopeshe shilingi, akurudishie shilingi zilezile baada ya mnada, kwa karatasi yenye sahihi zenu na mashahidi wawili. Huna uwezo huo? Mwambie hapana kwa upole. Hilo nalo ni uaminifu.

Kuhesabu sadaka kuna utaratibu wake. Watu watatu wasio wa nyumba moja, palepale kanisani, mara baada ya ibada. Andika noti kwa thamani yake: 10,000 ngapi, 5,000 ngapi, 2,000, 1,000, kisha sarafu, jumla, sahihi tatu, nakala moja kwa mhazini, nyingine kwa katibu. Fedha ziende benki au kwa wakala kabla ya Jumanne, na jumla isomwe Jumapili inayofuata. Sadaka za simu zisiingie kwenye laini binafsi ya mhazini, hata awe malaika. Fedha zikichanganyika na za vocha na za mboga, anaweza kuwa hajachukua hata mia na bado akakosa namna ya kuonyesha. Paulo naye, 2 Wakorintho 8, alipopeleka mchango alituma na wenzake makusudi ili mtu asipate la kusema.

Pwani hii, kuanzia Kilwa mpaka Mikindani, jirani yako yaelekea ni Mwislamu, na mara nyingi ni shangazi au mjomba wako. Utumishi unaonekana msibani kuliko kwenye mahubiri. Mbuzi wa msiba au harusi achinjwe na Mwislamu ili wote wale sufuria moja. Spika za mkesha zizimwe saa mliyokubaliana na mwenyekiti wa kijiji. Mfungo ukiangukia kipindi cha sherehe yenu, chakula kiwe baada ya magharibi, na utaona nani anakuja kusaidia kuosha vyombo.

Jambo la mwisho ni wingi wa vyeo. Mtu mmoja akiwa katibu, mhazini, mwalimu wa kwaya na msimamizi wa ujenzi, kazi moja inaendeshwa na tatu zinasindikizwa. Yethro alimwona Musa akichoka vivyo hivyo, Kutoka 18, akamshauri agawe. Kila kazi ijulikane na watu wawili, na iwe na daftari lake: funguo ziko kwa nani, deni ni kiasi gani, nani hutembelewa lini. Anayemaliza muda wake akabidhi Agosti, kabla korosho hazijaanza kudondoka, ili anayepokea awe na majuma kadhaa ya kumfuata nyumbani na kumuuliza ufunguo wa stoo ni upi kati ya zile tano.