Mwili moto, mbona anatetemeka?

Swali: Mtoto wangu wa kilo 10 anawaka homa, lakini anatetemeka kwa baridi. Kwa nini? (Mama wa Kadutu, Bukavu)

Jibu: Mama, chembe za ulinzi zikikutana na vijidudu humwaga protini ziitwazo sitokini. Hizo zikifika kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto, hutengenezwa hapo prostaglandini E2. Kemikali hiyo hupandisha kiwango cha joto ambacho mwili unakilenga, tuseme toka nyuzi 37 hadi 39. Mwili wenye 37 sasa unajiona umepoa, kwa hiyo misuli inatetemeka kutafuta joto. Usimrundikie mablanketi. Parasetamoli huzuia prostaglandini hiyo: kwa kilo 10, miligramu 150 kila saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Haiui kijidudu, mama. Mpeleke kituo cha afya leo hii apimwe malaria.