Kaka anaitafutia mteja nyumba ya marehemu baba, niweke zuio?

Marahaba mwanangu wa Igoma. Barua yako ndefu jamani ila nimeielewa. Baba alifariki mwaka jana, kaka mkubwa akateuliwa msimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo, sasa hivi anazunguka na dalali kuitafutia mteja nyumba ya Kirumba ambayo mama anaishi na vyumba vingine vina wapangaji, alafu mtumbwi na injini kule mwaloni, ufukweni, anavisimamia yeye na hesabu hazionyeshi kwa mtu. Jirani kakwambia kimbilia zuio la mahakama, baba mdogo kasema ukimpeleka kaka yako mahakamani ukoo usikujue. Unauliza uweke zuio au uache, na je likitoka ndio umepata fungu lako?

Hilo la mwisho hapana. Zuio halimpi mtu fungu, linasema tu simameni hapo hapo mpaka tusikilize. Wengi wakishapata ile karatasi wanaenda kulala kana kwamba wameshinda, kumbe kesi yenyewe haijaanza, na kuanzia mahakama ya wilaya kwenda juu zuio la muda linatolewa kwa miezi isiyozidi 6 na hata likiongezwa jumla haivuki mwaka mmoja. Na lazima kuwe na kesi ya msingi chini yake, huwezi kwenda na zuio peke yake mkononi.

Kwako wewe mlango wa kwanza ni ile ile Mahakama ya Mwanzo yenye faili la mirathi. Kaka yako ni msimamizi, sio mwenye mali, na sheria inamtaka ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe apeleke fomu namba 5 yenye orodha ya mali na madeni yote ya marehemu, baadae hesabu kwenye fomu namba 6. Nenda kaombe kuona faili. Kama fomu 5 haimo, au imo ila mtumbwi haujatajwa, hapo una jambo la kumwambia hakimu kuliko machozi, unaweza kuomba aitwe ajieleze, asimamishwe kuuza, na ikibidi avuliwe usimamizi.

Ikifika kuomba zuio lenyewe, mahakama zetu tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969 zinaangalia mambo matatu, kwamba kuna mgogoro wa kweli wa kusikilizwa, kwamba bila zuio utapata hasara ambayo pesa haiwezi kuifuta, na kwamba wewe ndio utaumia zaidi zuio likikataliwa kuliko yeye likitolewa. Nyumba anayolala mjane inabeba hayo vizuri. Mtumbwi haubebi, mtumbwi una bei, hata ukipotea mtu anaweza kuamriwa alipe. Kwahiyo usije ukasikia uchungu ukaomba kila kitu kifungwe! Ukifunga na kodi, wapangaji watapata sababu ya kutolipa na mama anakula nini, ukifunga mtumbwi utakaa mchangani juani mpaka mbao ziachane na mwisho wa siku mnagawana kuni. Omba nyumba isiuzwe wala isiwekwe rehani, basi, vingine omba hesabu tu.

Sasa ile laki nane. Umeitaja kwa kujificha katikati ya barua, kwamba kaka alikurushia kwenye simu "ya kutulia" ukaipokea. Iandike kwenye hati ya kiapo mwanangu, tena mapema, sema ulipewa lini na uliambiwa ni ya nini. Mwombaji wa zuio anayeficha jambo akiumbuliwa na upande wa pili zuio linaondolewa hata kama alikuwa na haki, na kaka yako muamala anao.

Kama mteja ameshaanza kuleta pesa, maombi yaende na hati ya dharura, kuna wakati mahakama inatoa amri ya muda mfupi kabla ya kumsikiliza mwenzako. Ikitoka hakikisha inamfikia kaka, dalali, mteja na mwenyekiti wa mtaa, na wasaini kupokea, maana mtu atasema hakujua. Nyumba kama ina hati uliza pia kuweka kaveti, yaani pingamizi la kuzuia isihamishwe kwa mtu mwingine, kwa msajili wa hati. Wakili kama humudu tafuta wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, hao kwa sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 hawatakiwi kukudai hata mia.

Baba mdogo mimi hanitishi. Yeye alikuwepo kwenye kikao cha ukoo kilichompendekeza kaka, mwombe kwa heshima aitishe kingine na muhtasari uandikwe, akikataa una ushahidi kwamba ulianzia nyumbani. Ila usimsubiri miezi huku dalali yuko kazini.

Kitu kimoja kimenikera lakini. Kurasa tatu nzima hujaandika mama mwenyewe anasema nini. Yeye ndiye mjane, ndiye anaelala mle ndani, na jina lake likiwa la kwanza kwenye maombi lina uzito kuliko lako wewe unayeishi kwa mumeo Igoma. Panda daladala kesho uende Kirumba ukamuulize, usiende na jirani, na ukimkuta anataka iuzwe akaishi kijijini niandikie tena kabla hujagusa mahakama.