Mashine ya mkono ya kuchanganyia nyama: nilivyoirekebisha hadi soseji zikashikana

Soseji zangu za mwanzo zilinivunja moyo zikiwa bado kikaangoni. Ukikata moja, nyama inamwagika punje punje kama wali uliokosa maji, na mafuta yamejitenga yanaogelea pembeni. Nilimlaumu mwenye bucha, nikahamia bucha nyingine. Nikapunguza mafuta, zikawa kavu. Nikatia mayai, nikatia unga wa mkate. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba viungo havikuwa na kosa lolote. Nyama haikuchanganywa ikachanganyika.

Nyama ya kusaga ukiitia chumvi kisha ukaikanda, protini iliyomo ndani yake inayeyuka kwenye ule unyevu na kuwa kama gundi. Gundi hiyo ndiyo inayoshika maji na mafuta soseji inapopata moto. Bila kukanda, una nyama ya kusaga ndani ya utumbo, basi. Lakini gundi hiyo ina sharti lake: baridi. Nyama ikipata joto mafuta yanalainika, yanazipaka punje za nyama, na hapo hazitashikana hata ukande mpaka adhuhuri.

Mimi hutengeneza za ng'ombe na kondoo peke yake. Naishi Bondeni, hapa Nakuru, na wengi wanaoniagiza ni majirani Waislamu kama mimi, kwa hiyo nyama ni ya halali na mashine haijawahi kuguswa na kitu kingine. Nawaeleza haya wenzangu mnaotaka kuanza, kwa sababu mafuta ya ng'ombe ni magumu kuliko ya nguruwe na yanahitaji uangalifu zaidi. Chukua mafuta ya kidari. Yale ya kwenye figo acha, yanakatikakatika kama nta na kuganda mdomoni.

Nilianza kwa kukanda kwa mikono ndani ya beseni. Kilo 5 za nyama iliyotoka kwenye friza zinakufisha ganzi vidole kabla hata chumvi haijaenea, na joto la mikono linaingia kwenye nyama. Ndipo nikanunua mashine ya mkono: tangi la stenlesi la kilo 10, shafti moja inayopita katikati, makasia manne, kifuniko, na mkono wa kuzungushia ubavuni. Ni chombo kizuri, ila kwa jinsi kilivyotoka dukani kilinisumbua sana.

Shida ya kwanza ilikuwa mezani. Kila nikizungusha, mashine yote inatembea. Mume wangu akawa anaishika huku mimi nazungusha, kazi ya mtu mmoja ikawa ya wawili. Nilitafuta ubao mzito wa mbao, nikaifunga miguu yake minne juu ya ubao huo kwa bolti, na ubao nikaubana mezani kwa klampu mbili za maseremala. Ukiwa huna fundi wala pesa ya kurekebisha kitu kingine, fanya hilo moja.

Ya pili ni mkono. Ulikuwa na urefu wa sentimita 15, na nyama ikianza kunata unahisi bega linang'oka. Nilimpelekea fundi wa jua kali akaurefusha hadi sentimita 22. Nguvu inayohitajika ilipungua karibu thuluthi, na naiona tofauti hiyo kila wiki. Kwa kuwa mkono uko nje ya tangi, kuchomelea hapo hakuna ubaya. Ndani ya tangi sikuruhusu. Mshono wa weldingi una vijishimo, nyama inajificha humo, na hakuna brashi itakayoitoa. Na fundi akitumia fimbo za chuma cha kawaida kwenye stenlesi, pale palipochomelewa patashika kutu.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa inaharibu soseji zenyewe, nami sikuiona mpaka siku moja nilipomwaga nyama yote na kukagua tangi tupu. Kati ya ncha za makasia na sakafu ya tangi palikuwa na nafasi ya kama sentimita moja. Humo kulikuwa na tabaka la nyama iliyolala vilevile nilivyoitia, haijaonja hata pilipili manga. Kwa hiyo kila mara robo ya soseji zangu ilikuwa chapwa na nyingine ina chumvi kupita kiasi.

Dawa yake ilitoka jikoni kwangu. Nilichukua ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama, ule mpya usiokuwa na mikwaruzo, nikakata vipande vinne virefu na kuvifunga kwenye makasia kwa bolti ndogo za stenlesi, mbili kila kasia. Niliacha nafasi ya milimita 2 au 3 tu. Usiviache vikagusa chuma, kwa sababu vitasagika na ule unga wa plastiki utaingia kwenye chakula. Kingo zake nilizipiga msasa mpaka zikawa laini. Tangu siku hiyo sijaona nyama iliyolala chini.

Ubao huohuo ndio ulionipa bushi mpya, ile pete inayoshika shafti. Ile ya kiwandani, pale shafti inapopenya kwenye ukuta wa tangi, ilikuwa imelika na kuanza kutoa weusi. Fundi alinichongea nyingine. Hapo paka mafuta ya kupikia tone moja. Grisi ya magari isisogee karibu na mashine hii hata siku moja.

Fundi huyohuyo alinisihi sana. "Mama, tuiwekee mota, upumzike." Wapo pia wanaoondoa mkono na kufunga keke ya umeme, yaani drili, kwenye shafti. Nilikataa, na bado nakataa. Mkono wangu unazungusha pengine mara 40 kwa dakika, polepole, na naweza kuurudisha nyuma nyama ikikusanyika upande mmoja. Keke inakwenda kasi mara nyingi zaidi ya hapo. Inayapondaponda mafuta na kuyapasha joto, na soseji inarudi kule kule kwenye punje. Tena kuna watoto nyumbani. Mashine ya mkono inasimama ukiiachilia, na mkono wangu huwa humo ndani nikikwangua pembe kwa mwiko. Mota haimjui mwenye vidole.

Sasa namna ninavyoitumia. Mimi huanza kazi baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijatoka, na hewa ya huku kwetu bondeni saa hizo ina baridi ya kutosha. Nyama na mafuta vinakaa kwenye friza mpaka kingo zianze kuwa ngumu, kisha nasaga. Tangi na makasia pia huyalaza kwenye friza usiku kucha, maana stenlesi yenye joto itaharibu kila kitu kwa dakika moja. Stima ikipotea usiku, natia barafu ndani ya tangi na kuifuta likishapoa. Kama hata barafu hakuna, naahirisha.

Kwa kilo 5 natia kilo 3 na robo tatu za nyama isiyo na mafuta na kilo 1 na robo ya mafuta. Chumvi gramu 85, pilipili manga gramu 10, giligilani ya kusaga gramu 8, kitunguu saumu, kungumanga kidogo, na maji ya barafu mililita 400. Nyama na chumvi na nusu ya maji hutangulia. Nazungusha mpaka inate, ndipo natia mafuta, viungo na maji yaliyobaki. Yote huchukua dakika tatu hadi nne. Usitie chini ya kilo 4 kwenye mashine ya kilo 10, makasia yataisukuma tu huku na huku, na zaidi ya kilo 8 utaumia bure.

Nina kipimajoto cha chakula, na nyama ikikaribia nyuzi 10 nasimama na kuirudisha friza. Kujua kama imekuwa tayari, chukua donge, libandike kwenye kiganja, kisha geuza kiganja kitazame chini. Likining'inia bila kuanguka, tia kwenye utumbo. Likianguka, zungusha tena kidogo. Ukizidisha sana, soseji itakuwa kama mpira, kwa hiyo pima mapema na pima tena. Kabla ya kujaza, kaanga kijidonge uonje.

Utumbo wa kondoo natumia ule uliosafishwa na kutiwa chumvi, nikauloweka kwenye maji ya uvuguvugu. Wakati wa kupika, katikati ya soseji pafike nyuzi 71, kwa sababu nyama iliyosagwa imebeba ndani kila kilichokuwa juu yake. Na nyama inunuliwe bucha yenye muhuri wa mkaguzi.

Kuosha ni mara moja, kabla mafuta hayajaganda: maji ya baridi kwanza, kisha ya moto na sabuni, na vile vipande vya plastiki vinafunguliwa kila mara, maana nyuma yake ndiko uchafu unakojificha. Hapa ndipo niliwahi kupata hofu. Nilikuwa nimeshajaza kilo 6, nimezifunga na kuzipanga, nikaenda kuosha mashine nikakuta nati moja haipo. Nilipapasa sakafu, nikachuja maji ya kuoshea, sikuiona. Kulikuwa na agizo la aqiqah ya jirani, sherehe yetu ya mtoto mchanga, jioni hiyo, na katika wageni kulikuwa na watoto na wazee wenye meno ya kuhesabika. Nilizipasua soseji zote, moja baada ya nyingine, kwa vidole. Nati niliikuta kwenye ya kumi na tisa. Nyama yote niliitupa kwa kuwa ilikuwa imeshakaa nje, nikamwendea jirani na kumweleza ukweli, na usiku huo tukapika pilau.

Tangu hapo natumia nati zenye nailoni ndani zisizolegea kwa mtetemo, na bolti za makasia yangu nazijua: ni nane. Nazihesabu nane nikifungua, nane nikishaosha, na nane kabla nyama haijaingia tangini.