Hela ya rock iko wapi? Niliyopitia mimi

Mkuu umeuliza kama mtu wa rock asiye na lebo (kampuni ya kutoa muziki wake) anaweza kuishi kwa muziki tu. Nimepiga besi kwenye bendi miaka 14 na kurekodi wengine miaka 9, jibu langu ni inawezekana, ila jukwaa peke yake halijawahi kunilipia kodi hata mwezi mmoja. Kilichoniweka mjini ni kurekodi bendi za wenzangu.

Na huko nako niliumia kwanza. Bendi ya kwanza tulikubaliana asilimia, yaani albamu ikiuza na mimi nakula, nikakesha nao wiki tatu, nikamiksi upya mara nne maana mpiga gitaa alitaka asikike kuliko wote, mwisho wa siku wakagombana bendi ikafa albamu haijatoka. Sikuona hata senti.

Ndo nikaanza kumfuatilia Steve Albini, mpiga gitaa na fundi wa kurekodi wa Marekani. Huyu jamaa alikuwa na bendi ya Big Black miaka ya 80, halafu bendi ya Shellac mpaka anafariki Mei 2024, lakini mkate wake ulikuwa kurekodi watu. Bendi ya Nirvana walipomwita 1993 kurekodi albamu yao ya In Utero alichukua dola 100,000 basi, mrabaha, yaani asilimia ya mauzo, akaukataa kabisa, aliwaandikia kwamba anataka kulipwa kama fundi bomba, fanya kazi lipwa ondoka. Hata kuitwa prodyuza hakutaka. 1997 akafungua studio yake ya Electrical Audio pale Chicago na bendi ambazo hakuna anayezijua zilikuwa zinaingia kurekodi kama kawaida.

Mimi nikaibeba hiyo ya fundi bomba kama ilivyo. Natoza kwa siku, nusu kabla sijatega maiki, nusu kabla sijakabidhi mafaili. Na kuna kitu sikukitegemea kabisa, ugomvi na bendi umeisha, kwa sababu zamani nilikuwa nawabana wafupishe wimbo ili uuze nipate changu, sasa hivi wakitaka dakika tisa za gitaa linalounguruma nawarekodia vizuri kwa moyo wote, wimbo ni wao.

Ila bendi yako usiiache mkuu. Wateja wangu wengi walinijua kwa kuniona napiga, wakaja kuongea na mimi tukiwa tunakunja waya. Vifaa visikutishe, tafuta kwanza chumba kisicho na mwangwi mbaya, maiki chache nzuri zinatosha kuanzia. Namna ya kutega maiki kwenye ngoma nitakuandikia ukishapata chumba.