Maswali na Majibu: Wazo la filamu fupi ya katuni hupatikana wapi?

Swali: Nimejifunza kuchora katuni kwa kompyuta na programu naimudu vizuri. Sasa nataka kutengeneza filamu fupi yangu mwenyewe, ya dakika mbili hivi, lakini nikikaa mezani sina la kusimulia. Nimetazama katuni nyingi za wengine nikitafuta msukumo, na kila wazo linalonijia naona limeshafanywa. Ninyi wenye kazi yenu mawazo mnayatoa wapi?

Jibu: Kwanza acha kutazama katuni kwa muda. Anayetafuta wazo ndani ya katuni hupata katuni: macho makubwa yaleyale, mzaha uleule. Zirudie baadaye, ukiwa na tatizo mahususi la kutatua, kwa mfano namna ya kuchora maji.

Halafu piga hesabu, maana hakuna kinachochuja mawazo kama hesabu. Filamu huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24 zinazofuatana. Ukikishikilia kila kichoro kwa fremu mbili, kama wengi wetu tufanyavyo, unahitaji vichoro 12 kwa sekunde, yaani 1,440 kwa dakika mbili. Ukimaliza 20 kwa siku, ni siku 72 za kuchora bila kupumzika, tena kwa mhusika mmoja tu. Wazo kubwa kama vita vya falme mbili limejiondoa lenyewe hapo. Unabaki na mhusika mmoja au wawili, mahali pamoja, haja moja na kizuizi kimoja.

Hayo yanatosha kabisa. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara vikizungukazunguka karibu na kisanduku chenye mlango. Walipoulizwa wameona nini, karibu wote walisimulia habari za viumbe wenye nia: huyu mkorofi, yule mwoga, wale wanatoroka. Hapakuwa na sura wala maneno, ila mwendo. Kwa hiyo winda mwendo, usiwinde visa. Mtu anajipapasa mifuko yote akitafuta ufunguo ulio mkononi mwake. Paka anapima mruko, anaghairi, kisha anajilamba kana kwamba hakuwa na mpango wowote. Wachore kwa mistari michache, na pembeni uandike kila mmoja anataka nini.

Sauti nayo ni chanzo, ingawa wachoraji wengi hawaifikirii mpaka mwisho. Watengenezaji wa katuni John na Faith Hubley waliwarekodi watoto wao wakicheza, wakajenga juu ya mazungumzo hayo filamu ya Moonbird ya 1959, iliyopata tuzo ya Oscar. Mwenzao Nick Park naye, katika filamu fupi ya Creature Comforts ya 1989, alichukua mahojiano ya watu wa kawaida akayatia vinywani mwa wanyama waliofungiwa. Mtu kusita, kujisahihisha katikati ya sentensi, kucheka pasipostahili: hayo ni vigumu kuyatunga mezani. Rekodi kwa simu, kwa ruhusa ya mwenye sauti (na iwe ruhusa ya kuitumia kwenye filamu, si ya kurekodi tu), kisha sikiliza umefumba macho mpaka ikujie picha usiyoitarajia.

Mimi binafsi huanzia kwenye methali. Wengi hukimbilia ngano, lakini ngano ina safari, miaka na kundi la wahusika; ukiibana katika dakika mbili inageuka muhtasari. Methali ni picha moja yenye mgogoro tayari ndani yake. Chukua "Mfinyanzi hulia gaeni." Usiieleze, wala usiiandike popote kwenye filamu. Chora mfinyanzi, nyuma yake rafu imejaa vyungu vizuri, mkononi kigae ambacho mchuzi unavuja pembeni. Sasa anza kumhoji. Nini kinamzuia kuchukua chungu kimoja? Pengine hakuna. Pengine anakichukua, anakipangusa, anakiona kizuri mno, anakirudisha. Je, kikimponyoka kikavunjika, atalia, au atafurahi kwamba sasa ana kigae kipya? Mimi hapo nimeshauona uso wake. Na kwa kuwa unachora, waweza kumpa mfinyanzi rangi na mistari ileile ya vyungu vyake, hata mtazamaji asijue mtu ameishia wapi na chungu kimeanzia wapi.

Kuhusu hofu kwamba limeshafanywa: huenda kweli limefanywa. Wape wachoraji kumi mfinyanzi huyo na utapata wafinyanzi kumi. Jambo la kukuhangaisha ni lingine: waigizaji wa kweli na kamera wangeifanya filamu hii vilevile? Kama ndiyo, bado hujapata sababu ya kuchora vichoro 1,440.

Wazo likivuka hapo, usifungue programu kwanza. Chora picha 15 au 20 kwenye vipande vya karatasi, zipige kwa simu, uzipange kama video, kila moja kwa muda unaoukadiria. Mwonyeshe mtu asiyeijua hadithi, kisha umwombe akusimulie alichokiona. Usimsahihishe. Anapokwama ndipo penye picha inayokosekana. Na akikusimulia hadithi nyingine nzuri kuliko yako, mwombe uitumie.