Eksrei inasema pingili imeteleza, MRI inasema iko sawa, nimuamini nani?

SWALI: Habari dokta, mi nna miaka 58, kiuno kinauma na nikisimama sana mguu wa kushoto unakufa ganzi. Nilipiga eksrei nimesimama wakasema pingili ya nne ya kiuno imetelezea mbele ya ile ya tano. Baadae nikapigwa MRI, ripoti inasema pingili zimekaa vizuri. Imerudi yenyewe au kuna mtu kakosea?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Hakuna aliyekosea hapo, na sidhani kama imerudi kivile, tofauti ni jinsi ulivyokaa wakati wa kupigwa. Ukisimama, uzito wote wa juu unashukia kiunoni, pingili iliyolegea inasukumwa mbele, ila MRI nyingi unalazwa chali, mara nyingi na mto chini ya magoti, mzigo umetoka, basi pingili nayo inajirudia taratibu na picha inatoka safi kabisa. Isome tena hiyo ripoti, kama imetaja maji kwenye viungo vidogo vya nyuma ya pingili, hiyo ni dalili kwamba pale huenda panacheza.

Kinachopimwa ni pengo kati ya ukuta wa nyuma wa pingili ya juu na wa ile ya chini yake, likiwa halizidi asilimia 25 ya upana wa pingili ya chini wanaita daraja la kwanza la kuteleza. Sasa chukulia umesimama ni milimita 8, umelala ni 3, hizo 5 zilizopotea ndo habari yenyewe, maana zinaonyesha pingili inatembea, na wengi wakiona imetembea kuanzia milimita 3 au 4 wanaanza kushuku haijatulia.

Kuna na zile picha za kuinama mbele na kujipinda nyuma, ni nzuri, shida mtu mwenye maumivu hainami vizuri anajikaza tu, picha inaonyesha kama hakuna kitu. Ndo maana mi napenda zaidi kulinganisha ya kusimama na ya kulala. Na ukirudia eksrei mwakani waambie wakupige umesimama kama mwanzo, la sivyo utaambiwa umepona kumbe ulilazwa tu.

Upasuaji hauamuliwi kwa milimita peke yake, dalili zako ndo zinaangaliwa zaidi, kwa hiyo mpelekee daktari wa mifupa picha zote mbili. Ila mkojo ukigoma kutoka, au ganzi ikihamia sehemu za siri, au mguu ukakosa nguvu, usisubiri apointimenti, nenda emajensi siku hiyohiyo.