Lisbon majira ya baridi: kinachosumbua ni baridi ya ndani ya nyumba

Ukisikia baridi ya Ulaya, haraka unawaza theluji. Kwa Lisbon liondoe wazo hilo. Theluji ya Ureno iko milimani, hasa Serra da Estrela; mjini ni jambo la nadra mno. Januari, mwezi wenye baridi kuliko yote, mchana hufika nyuzijoto 14 au 15, na usiku hushuka hadi 8 hivi. Aliyekulia Njombe au Limuru hatashangaa.

Kwa hiyo usihangaike kununua koti zito la kuvalia Oslo. Shida ya Lisbon iko kwingine, na wageni wengi huambiwa wakiwa wameshafika: nyumba zake ni baridi. Majengo mengi ya zamani, hasa mitaa ya Alfama, Graça na Mouraria, hayana mfumo wa kupasha joto jengo zima. Watu hutumia hita ndogo ya umeme, tena kwa kubana, maana umeme ni ghali. Bahari ya Atlantiki iko jirani, hewa ina unyevu, shuka zinakuwa kama mbichi, na nguo ulizofua zinaweza kukaa siku kadhaa bila kukauka. Mara nyingi nimevaa sweta chumbani, nikatoka nje saa sita mchana nikalivua, kwa kuwa jua la nje lilikuwa na joto kuliko chumba.

Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kulipia chumba, muulize mwenyeji swali moja la wazi. Je, chumba cha kulala kina hita, na matumizi yake yamo ndani ya bei? Akijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta kwingine. Kwenye begi weka soksi nene, nguo nzito za kulalia na ndala za kufunika miguu, kwani baridi ya sakafu za vigae hupenya hadi mifupani. Ukisafiri na mtoto au mzee, hili ni muhimu kuliko kuwa karibu na vivutio.

Mvua nayo ni ya majira haya. Kiangazi hainyeshi kabisa, au ni matone tu; Novemba hadi Januari ndipo inapomwagika. Huja kwa vipindi, pengine siku mbili tatu za dhoruba, kisha anga linafunguka na jua kali la kupendeza. Upepo wa baharini hugeuza mwavuli ndani nje, hivyo koti la mvua lenye kofia linafaa zaidi. Viatu navyo vichague kwa makini. Njia za waenda kwa miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa, vimesuguliwa na nyayo za miaka mingi, na mji wenyewe ni vilima vitupu. Vijiwe hivyo vikilowa vinateleza vibaya. Vaa soli ya raba yenye meno.

Jambo jingine kwa sisi tuliozoea mchana wa saa kumi na mbili: mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kama saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Matembezi ya nje yaanze mapema.

Sintra, mji wa vilimani jirani na Lisbon, iache hadi siku ya jua. Vilima vyake hukamata ukungu wa bahari, ni baridi kuliko mjini, na siku mbaya utapanda hadi kasri la Pena usione kitu. Siku ya mvua nenda Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos, lilipo kaburi la Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498. Foleni, ambayo kiangazi huchosha, wakati huu huwa fupi. Jumatatu monasteri hufungwa. Na kila jioni tazama utabiri wa IPMA, taasisi ya hali ya hewa ya Ureno. Ikitoa tahadhari ya rangi ya chungwa au nyekundu, kaa mbali na kingo za bahari.